Kipimo kimeona bakteria wawili kifuani, lakini daktari amepunguza dawa

"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 74, alipata kiharusi miezi saba iliyopita na tangu hapo anapaliwa mara kwa mara anapokula. Jumapili alipaliwa vibaya, akatapika, akabadilika rangi, na usiku ukamkuta na homa huku anahema. Tulimkimbiza hospitali, wakampiga eksirei, wakasema ni nimonia iliyotokana na kupaliwa. Akaanzishiwa dawa tatu za mshipa: amoksisilini yenye klavulanati, metronidazoli na vankomaisini. Kesho yake wakavuta makohozi kwa mpira, wakayaweka kwenye mashine inayotoa jibu ndani ya saa moja. Jibu likasema kuna stafilokoka nyingi na Klebsiela kidogo, jeni za usugu hazikuonekana. Walipima pia damu, kitu kinaitwa prokalsitonini, wakasema iko chini, 0.2. Nilitegemea waongeze dawa maana wadudu wameonekana. Badala yake daktari wa zamu kaondoa vankomaisini na metronidazoli, kabakiza moja. Homa imeanza kushuka ila bado anakohoa sana. Mdogo wangu anasema tununue vidonge vya metronidazoli tumpe wenyewe saa ya kutembelea wagonjwa. Je, hicho kipimo cha haraka kinaaminika? Na kama prokalsitonini iko chini, kwa nini anaendelea hata na hiyo dawa moja?"

Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Nianze na la mdogo wako kwa sababu ndilo lenye haraka: hicho kidonge msimpe. Yaache kwanza mambo ya bakteria. Mzee amelazwa kwa kuwa kitu alichopaswa kukimeza kilipita njia ya hewa, na katika maelezo yako yote sijaona mahali ulipoandika kwamba uwezo wake wa kumeza umepimwa. Kidonge na funda la maji, tena kwa kificho, manesi hawana habari, huenda kikampeleka palepale alipokuwa Jumapili. Kama mna wasiwasi kuhusu metronidazoli, mwambieni daktari wake. Nitawapa na maneno ya kumwambia.

Sasa swali lenyewe. Nikilisoma vizuri naona una hofu mbili zinazovutana. Moja inasema baba anapewa dawa pungufu kuliko wadudu walioonekana. Ya pili inasema labda hata hiyo moja haihitaji, kwa sababu kipimo cha damu kiko chini. Zote mbili zimezaliwa na imani ileile, kwamba kipimo kikishasema, dawa inafuata: wadudu wawili dawa mbili, hakuna mdudu hakuna dawa. Ingekuwa hivyo kazi yetu ingekuwa nyepesi kweli. Kwenye nimonia ya kupaliwa, kipimo cha haraka kina nguvu zaidi katika kutuonyesha dawa ya kuondoa kuliko dawa ya kuongeza, na kwa jinsi ulivyoeleza, daktari wa zamu alikitumia hivyo hasa.

Turudi nyuma kidogo, kwenye kupaliwa kwenyewe. Mtu akimeza, kidakatonge huinama kufunika mlango wa njia ya hewa, nyuzi za sauti hubana, pumzi husimama kidogo, tonge hupita. Yote hayo hutokea kwa muda wa kama sekunde moja, na ubongo ndio unaoongoza. Kiharusi huvuruga mpangilio huo. Misuli huchelewa, mlango hubaki wazi. Kibaya zaidi, baadhi ya wagonjwa hupoteza hata kile kikohozi cha kutoa kilichoingia, kwa hiyo chakula kinateremka kifuani huku mtu ametulia tuli na nyumbani hakuna anayeshtuka. Ninyi mmekuwa mkiona zile mara anazopaliwa kwa kishindo. Za kimyakimya hatujui ni ngapi.

Lakini kuingiwa na kitu mapafuni peke yake hakutoshi kuleta nimonia. Karibu nusu ya watu wazima wenye afya zao huingiwa na mate kidogo kwenye njia ya hewa wakiwa usingizini, na asubuhi wanaamka salama. Mapafu yana vinyweleo vya kusukuma uchafu juu na chembe za kinga za kuwameza wadudu. Ugonjwa huja pale kilichoingia kinapokuwa kingi mno, au kikali mno, au kinga inapokuwa imechoka.

Hapo ndipo pana mkanganyiko mkubwa, hata kwa sisi wenyewe. Aliyepaliwa na matapishi anaweza kuungua mapafu kwa tindikali ya tumbo bila bakteria yeyote kuhusika. Mwaka 1946 daktari wa uzazi wa Marekani, Curtis Mendelson, alieleza habari za wanawake 66 walioingiwa na vya tumboni wakiwa wamelazwa kwa dawa za usingizi wakati wa kujifungua. Walihema, walibadilika rangi, vifua vikapiga miluzi. Wawili walifariki, na wote wawili ni kwa kuzibwa na chakula kigumu. Wale wa majimaji yenye tindikali walipata nafuu. Kuungua huko huleta homa, hupandisha chembe nyeupe za damu, na kwenye eksirei huonekana kama wingu jeupe. Yaani kunafanana na nimonia kwa kila kitu unachoweza kukipima jioni ya kwanza. Tofauti yake ni mwendo: mara nyingi kuungua huanza kutulia ndani ya siku moja au mbili, wakati maambukizi huanza taratibu na kuendelea kukua.

Baba yako alipata homa usiku uleule. Kwa bakteria walioingia Jumapili mchana hiyo ni mapema, na ingekuwa ni kisa hicho peke yake ningesema zaidi ni tindikali. Lakini huyu ni mtu anayepaliwa miezi saba. Inawezekana maambukizi yalikuwa yameshaanza wiki nzima, Jumapili ikawa ndiyo siku mlipoyaona. Kwa mgonjwa wa umri huo anayehema kwa shida, kuanza dawa mara moja wakati vipimo vinasubiriwa ulikuwa uamuzi sahihi. Ingekuwa kijana aliyepaliwa akiwa amelewa, anapumua vizuri, hana homa, mimi ningempa oksijeni kidogo, nikamwangalia siku mbili bila antibiotiki. Utafiti wa Toronto uliochapishwa 2018 uliwaangalia wagonjwa wa kuungua kwa aina hiyo: waliopewa antibiotiki mapema kama kinga hawakupungukiwa na vifo, na baadaye ndio waliishia kubadilishiwa dawa kwenda zenye nguvu zaidi.

Tuje kwenye mashine. Inatumia PCR, teknolojia ileile iliyozoeleka wakati wa korona. Inachukua makohozi, inavunja kila kilichomo, inatafuta vipande vya vinasaba vya vijidudu vilivyo kwenye orodha yake, kisha inavinakili mara nyingi mpaka viweze kuonekana. Kipimo kimoja kinachotumika sana cha aina hii hutafuta bakteria 15 na kukadiria wingi wao, bakteria wengine 3 na aina 8 za virusi kwa jibu la ndiyo au hapana, pamoja na jeni 7 za usugu. Jibu hutoka baada ya saa moja hivi. Njia ya zamani ya kuotesha wadudu kwenye sahani maabara huchukua siku mbili hadi tatu, na kama mgonjwa ameshapewa dawa kabla ya kuchukuliwa makohozi, kama baba yako, mara nyingi sahani haioti kitu. Siku hizo mbili za kuokoa ndizo zimeifanya mashine ipendwe.

Je, inaaminika? Kwa swali inaloulizwa, ndiyo. Ikisema stafilokoka ipo kwenye makohozi yale, ichukulie kwamba ipo. Tatizo ni kwamba sisi tunataka kujua jambo jingine: je, hiyo stafilokoka ndiyo inayomuumiza baba? Hilo mashine haikuulizwa. Inasoma vinasaba, na vinasaba vya mdudu aliyekufa jana kwa dawa vinasomeka sawasawa na vya aliye hai. Tena mdomo wa mzee aliyelala kitandani, anayemeza kwa shida, ambaye meno yake hayajapigwa mswaki siku kadhaa, huvamiwa na wadudu ambao kwa mtu mzima wa afya hawakai hapo, na Klebsiela ni mmojawapo wa wanaopenda kuhamia. Mpira wa kuvuta makohozi unapopita mdomoni na kooni unabeba na wenyeji wa huko. Kwa hiyo "Klebsiela kidogo" kwa mgonjwa wa namna hii huenda ni mpita njia tu. "Stafilokoka nyingi" inanifanya nikae sawa kitini zaidi.

Kuna jambo dogo ambalo ningependa kila familia ilijue, kwa sababu ni rahisi na husahaulika: ubora wa makohozi yenyewe. Nimeshapokea vichupa vilivyoandikwa "makohozi" ambavyo ndani yake kulikuwa na mate meupe ya povu na chembe ya chakula inaelea. Ukiyapaka kwenye kioo na kuyaweka chini ya darubini, unaona chembe za ngozi ya shavu, bapa, pana, zenye kiini kidogo katikati, zimetapakaa kila upande. Hayo yametoka mdomoni. Makohozi halisi ya kifuani yamejaa chembe za usaha, zimerundikana na viini vyake vilivyokatika vipandevipande, na chembe za shavu ni za kutafuta. Kipimo kinachokubalika sana ni chembe za usaha zaidi ya 25 na za shavu pungufu ya 10 katika eneo moja la darubini kwa lenzi ndogo. Mashine ya PCR haina macho hayo. Ukiipa mate, itakusomea mate kwa usahihi wa hali ya juu.

Na darubini hiyo ni kipimo cha haraka pia, ingawa haina jina la kisasa. Hans Christian Gram, daktari wa Denmaki, aliibuni rangi yake mwaka 1884 akiwa Berlin, akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Mpaka leo, ndani ya saa moja, rangi hiyo inakuonyesha kama kuna usaha, na kama wadudu ni wa duara waliojikusanya kama vishada au ni wa fimbo. Kama mashine inasema stafilokoka nyingi na darubini inaonyesha vishada vya duara katikati ya usaha, hapo naamini. Kama darubini inaonyesha mate matupu, naomba makohozi mengine.

Basi kwa nini waliondoa vankomaisini? Hii ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Vankomaisini iliwekwa kwa hofu ya MRSA, yaani stafilokoka sugu kwa jamii ya penisilini. Usugu huo unabebwa na jeni iitwayo mecA. Mashine imeona stafilokoka nyingi, ikaitafuta jeni hiyo, haikuipata. Maana yake ni kwamba stafilokoka ya baba, kama kweli ndiyo mhusika, inauawa na amoksisilini yenye klavulanati anayopewa. Tena vankomaisini ni dhaifu kuliko dawa za jamii ya penisilini dhidi ya stafilokoka isiyo sugu, na inaweza kuumiza figo, hasa za mzee. Kuiacha iendelee kungekuwa kumbebesha sumu bila faida. Hata hospitali zisizo na mashine ya makohozi, pamba ya puani peke yake ikipimwa MRSA kwa PCR na isionekane, uwezekano wa nimonia ya MRSA unakuwa mdogo sana, na madaktari wengi huiacha vankomaisini kwa jibu hilo tu.

Klebsiela inahitaji uangalifu kidogo. Kwa asili yake haiuawi na amoksisilini tupu. Klavulanati ndiyo inayoivunjia kinga yake ya kawaida. Kuna Klebsiela zenye silaha kubwa zaidi, na mashine huzitafuta baadhi ya jeni hizo. Kutoonekana kwake ni habari njema, ila si hati ya uhakika, kwa sababu kuna njia nyingine za usugu ambazo hazipo kwenye orodha. Ndiyo maana makohozi bado yanapaswa kuoteshwa hata baada ya jibu la saa moja. Swali lenu la kwanza kwa daktari liwe hili: "Majibu ya kuotesha yanatoka lini, na nani atayafuatilia?" Liulizeni kwa upole, lakini msikose kuliuliza. Nimeona jibu muhimu likilala kwenye kompyuta siku nzima kwa sababu zamu ilibadilika.

Metronidazoli ndiyo iliyomkaa kooni mdogo wako, na simlaumu. Hata madaktari wengi walifundishwa kwamba nimonia ya kupaliwa lazima iwe na dawa ya wadudu wasiohitaji hewa, wale wanaoishi kwenye fizi. Fundisho hilo lilitokana na tafiti za miaka ya 1970. Wakati huo madaktari walichoma sindano kwenye koo la hewa na kuvuta sampuli, na wakawaona wadudu hao kwa wingi. Lakini wengi wa wagonjwa wale walikuwa wameshaugua muda mrefu, wengine tayari wana jipu la mapafu na makohozi yanayonuka. Tafiti za baadaye, kwa wazee waliochukuliwa sampuli mapema, zilikuta picha tofauti: wadudu wa fimbo wa tumboni, stafilokoka na nyumokoka wakitangulia, wale wa fizi wakiwa wachache na mara nyingi wameandamana na wengine.

Mwongozo wa mwaka 2019 wa vyama vya madaktari wa mapafu na wa magonjwa ya kuambukiza vya Marekani ukasema wazi kwamba dawa za wadudu hao zisiongezwe kwa mazoea kwenye nimonia ya kupaliwa, isipokuwa panaposhukiwa jipu la mapafu au usaha uliozunguka pafu. Mwaka 2024 ukachapishwa utafiti wa hospitali 18 za jimbo la Ontario, Kanada, uliohusu karibu wagonjwa 4,000. Waliopewa dawa zinazowafikia wadudu hao na wale ambao hawakupewa walifariki kwa viwango vilivyokaribiana sana, asilimia 32 na asilimia 30, na baada ya kusawazisha tofauti za wagonjwa haikuonekana faida. Kilichoongezeka ni ule ugonjwa mbaya wa kuhara unaoletwa na bakteria aitwaye C. difficile, anayestawi pale antibiotiki zinapofyeka wadudu wema wa utumbo.

Na hapa kuna kitu ambacho pengine hamkuambiwa wodini. Mashine haitafuti wadudu hao wa fizi, hawapo kwenye orodha. Kwa hiyo metronidazoli haikuondolewa kwa sababu mashine imewakosa. Imeondolewa kwa sababu dawa aliyobakiziwa, amoksisilini yenye klavulanati, tayari inawaua. Kuongeza metronidazoli juu yake ni kufunga mlango mmoja kwa kufuli mbili, huku mzee akibeba kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni inayomfanya akatae kula. Mweleze mdogo wako hivyo. Kama makohozi ya baba yangekuwa yananuka vibaya, au eksirei inaonyesha tundu lenye maji, mazungumzo yangekuwa mengine, na dawa yenyewe ingechukua wiki kadhaa.

Prokalsitonini sasa. Ni kitu ambacho mwili hutoa kwa wingi kwenye damu unaposhambuliwa na bakteria. Huanza kupanda ndani ya saa chache, na chanzo kikidhibitiwa hushuka kwa karibu nusu kila siku. Kwenye virusi haipandi sana. Kwa sababu hiyo tuliitegemea itusaidie kutenganisha tindikali na maambukizi, na hapo ilituangusha. Tindikali ikiunguza pafu sawasawa inaweza kuipandisha bila mdudu yeyote. Upande wa pili, maambukizi yaliyojibana sehemu moja ya pafu yanaweza kuiacha chini, hasa ikipimwa mapema. Watafiti walipolinganisha wagonjwa wa kuungua na wa nimonia halisi, vipimo vyao viliingiliana mno.

Kwa hiyo 0.2, ambayo iko chini kidogo ya kiwango cha 0.25 kinachotumika mara nyingi, haitoshi kumnyima dawa mzee wa miaka 74 mwenye kiharusi, homa na wingu kwenye eksirei. Mwongozo uleule wa 2019 unasema hivyo pia: ukishuku nimonia na eksirei ikakubali, anza dawa bila kujali prokalsitonini. Inafaa zaidi mwishoni. Kama ikipimwa tena baada ya siku mbili tatu bado iko chini, na baba anaendelea vizuri, daktari anapata ujasiri wa kuacha dawa mapema, pengine siku ya tano, badala ya kuivuta hadi siku kumi kwa woga. Na kama ndani ya siku mbili homa imekwisha, pumzi imetulia na eksirei imesafika haraka, ataweza kusema huenda ilikuwa tindikali tangu mwanzo na kuikatisha dawa. Hilo ni jibu la swali lako la mwisho: hiyo dawa moja ipo kwa sababu hatujapata bado haki ya kuiondoa, na huenda ikaondoka kabla hamjaitarajia.

Labda sasa unajiuliza kama vipimo hivi vinasaidia kweli. Nikujibu kwa haki. Nchini Uswisi, jaribio lililochapishwa 2022 liliwagawa kwa kura wagonjwa zaidi ya 200 waliokuwa na hatari ya nimonia ya wadudu wa fimbo. Wale ambao maji ya kuosha mapafu yao yalipimwa kwa PCR walikaa kwenye antibiotiki zisizofaa kwa muda mfupi zaidi, pungufu ya saa 38 hivi. Hiyo ni siku moja na nusu ya kuokoa figo na utumbo. Lakini jaribio kubwa la Uingereza kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi, la zaidi ya wagonjwa 500, lililochapishwa 2025, lilitoa picha yenye kasoro: matumizi ya antibiotiki yaliboreka waziwazi, ila halikuweza kuthibitisha kwamba wagonjwa waliopimwa kwa mashine walipona angalau sawa na wenzao. Mimi nalisoma jaribio hilo kama onyo la kutokata dawa kwa kuitazama karatasi bila kumtazama mgonjwa. Wenzangu wengine wanalisoma kwa ukali zaidi, na wana haki yao.

Kwa hiyo mtazameni mgonjwa. Kwa mtu aliye kwenye dawa sahihi, homa na pumzi ndizo zinazotulia kwanza, ndani ya saa 48 hadi 72. Kikohozi huchelewa, kinaweza kuvuta wiki kadhaa, na wingu la eksirei kwa wazee huchukua hata zaidi. Kwamba homa inashuka huku anakohoa ndivyo inavyotakiwa iwe. Kikohozi chenye nguvu kwa aliyepaliwa ni msaada, msiombe dawa ya kukizima.

Mwiteni nesi au daktari palepale, bila kusubiri mzunguko wa asubuhi, mkiona anahema zaidi ya mara 30 kwa dakika, midomo inageuka bluu au kijivu, anachanganyikiwa au analala usingizi usio wa kawaida, au oksijeni yake inashuka kuliko ilivyokuwa. Homa ikirudi baada ya kushuka, au ikikataa kushuka siku ya tatu, hapo kipimo kirudiwe na picha irudiwe, maana huenda kuna jipu, usaha nje ya pafu, au amepaliwa tena. Makohozi yakianza kunuka au kuwa na damu, semeni. Akianza kuharisha mara tatu au zaidi kwa siku, akiwa bado kwenye dawa au hata wiki chache baada ya kurudi nyumbani, asipewe dawa ya kufunga kuhara kabla ya kuonwa. Mimi simwoni baba yako. Wenye stetoskopu kifuani pake wakisema kinyume na niliyoandika hapa, wasikilizeni wao.

Lililobaki ni dogo kwa maneno, ingawa ndilo litakaloamua kama mtarudi hospitali mwezi ujao. Hakuna antibiotiki inayofundisha koo kumeza. Ombeni apimwe kumeza na mtaalamu kabla hajaruhusiwa, na mwambiwe chakula na kinywaji viwe laini au vizito kiasi gani ili avimudu. Ale akiwa ameketi wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo kama mtaalamu atashauri, na abaki wima nusu saa au zaidi baada ya kula. Muulizeni daktari kuhusu dawa zake nyingine: za kutuliza au za usingizi zinazomzubaisha, na za kupunguza tindikali ambazo pengine alianzishiwa akiwa na kiharusi na hakuna aliyekumbuka kuziacha, kwani zinahusishwa na nimonia zaidi. Mpira wa kulishia puani una nafasi yake kwa muda, ila usidhani unazuia kupaliwa. Mate na vya tumboni vinaendelea kupanda na kushuka vilevile.

Na mdomo wake usafishwe mara mbili kwa siku, meno, ulimi na fizi, hata kama hali kitu kwa mdomo, kwa mswaki laini na maji kidogo sana, kichwa kimeinuliwa. Meno ya bandia yatoke usiku. Hiyo kazi mpeni mdogo wako aianze leo saa ya kutembelea wagonjwa, akiomba kwanza ruhusa ya nesi.